Jinsi ya Kujumlisha Vipimo Vidogo Vilivyoandikwa kwa Vipeo vya Kumi

Mtaalamu wa maabara anayeandaa tishu ili itazamwe kwa hadubini hupanga vitu vitatu, kimoja juu ya kingine: slaidi ya kioo yenye unene wa takriban milimita moja, kipande cha tishu chenye unene wa mikromita chache tu, na juu yake kioo chembamba cha kufunikia, ambacho unene wake wa kawaida ni milimita 0.17. Unene wa kioo hicho cha juu una umuhimu wake, kwa kuwa lenzi nyingi za hadubini zenye nguvu kubwa zimetengenezwa kwa kuuzingatia, na namba 0.17 huchorwa ubavuni mwa lenzi hizo. Anayetaka kujua unene wa vitu hivyo vitatu kwa pamoja, na kuuandika kwa mita kama wanasayansi wanavyofanya, atakuwa na namba tatu zenye vipeo vitatu tofauti:

slaidi: 1.03 × 10⁻³ m
kioo cha kufunikia: 1.7 × 10⁻⁴ m
tishu: 4 × 10⁻⁶ m

Kila namba hapa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni namba ya mbele, ambayo katika umbo la kisayansi haipungui 1 wala haifiki 10. Ya pili ni kumi iliyopandishwa kwa kipeo. Kipeo hasi huonyesha mgawanyo: 10⁻³ ni sehemu moja ya elfu, 10⁻⁶ ni sehemu moja ya milioni. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliofundishwa hesabu kwa utaratibu wa Kifaransa huandika mkato pale ambapo Tanzania na Kenya huandika nukta, yaani 1,03 badala ya 1.03; mwongozo huu unatumia nukta, na hesabu yenyewe haibadiliki.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kipeo hueleza nafasi ya tarakimu. Tarakimu 1 katika 1.03 × 10⁻³ imekaa nafasi ya sehemu za elfu, na tarakimu 4 katika 4 × 10⁻⁶ imekaa nafasi ya sehemu za milioni. Tangu shule ya msingi tunajumlisha namba kwa kupanga mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi, na sharti hilo halikufutwa na umbo la kisayansi. Limefichwa tu ndani ya kipeo. Kufanya vipeo vilingane kabla ya kujumlisha ni kupanga nafasi hizo kwa njia nyingine, na anayeelewa hivyo hatahitaji kukariri kanuni nyingi.

Hatua ya kwanza: linganisha vizio vya kipimo

Kabla ya kugusa vipeo, hakikisha vipimo vyote viko katika kizio kimoja. Milimita moja ni 10⁻³ m, mikromita moja ni 10⁻⁶ m, nanomita moja ni 10⁻⁹ m, na pikomita moja ni 10⁻¹² m. Kwa urefu na unene kazi hii ni nyepesi. Uangalifu zaidi unahitajika kwenye maeneo na ujazo, kwa sababu hapo kipeo nacho huzidishwa: milimita moja ya mraba si 10⁻³ bali ni 10⁻⁶ ya mita ya mraba, na milimita moja ya ujazo ni 10⁻⁹ ya mita ya ujazo. Mikrolita moja, kiasi ambacho wahudumu wa maabara hukipima kila siku, ni 10⁻⁶ ya lita, lakini ni 10⁻⁹ ya mita ya ujazo. Ukiona jumla ya ujazo imekosewa mara elfu, anza kukagua hapo.

Hatua ya pili: chagua kipeo kimoja

Unaweza kuchagua kipeo chochote, lakini njia iliyo nyepesi ni kuchukua kilicho kikubwa kuliko vyote. Vipeo vikiwa hasi, wanafunzi wengi huchanganyikiwa hapa, kwa sababu macho huona 6 na kudhani kwamba −6 inaizidi −3. Katika mstari wa namba, kilicho karibu na sifuri kutoka upande wa hasi ndicho kikubwa. Katika mfano wetu vipeo ni −3, −4 na −6, kwa hiyo tunachukua −3. Kipeo cha kipimo kikubwa kuliko vyote kinafaa kwa sababu jumla nayo itakuwa na ukubwa unaokaribiana na kipimo hicho, na jibu likishapatikana halitahitaji marekebisho makubwa.

Hatua ya tatu: sogeza nukta

Kila kipeo kinapoongezeka kwa moja, nukta ya namba ya mbele husogea nafasi moja kwenda kushoto, na namba hiyo hupungua mara kumi. Kipeo kinapopungua kwa moja, nukta husogea kulia. Sehemu moja inakua na nyingine inapungua kwa kiasi kilekile, hivyo thamani ya kipimo inabaki ileile. Kutoka −4 hadi −3 ni ongezeko la moja, kwa hiyo 1.7 × 10⁻⁴ inakuwa 0.17 × 10⁻³. Kutoka −6 hadi −3 ni ongezeko la tatu, kwa hiyo 4 × 10⁻⁶ inakuwa 0.004 × 10⁻³.

Usiendelee kabla ya kujiuliza swali moja: je, namba ya mbele imepungua pale kipeo kilipoongezeka? Kama vyote viwili vimeongezeka, au vyote viwili vimepungua, nukta imesogezwa upande usio wake. Swali hili linachukua muda mfupi sana, nami nalipa uzito kuliko kanuni yoyote ya kulia na kushoto, kwa sababu kanuni ya pande husahaulika kwa urahisi lakini sababu yake haisahauliki.

Hatua ya nne: jumlisha namba za mbele

Sasa vipeo vinalingana, na tunajumlisha namba za mbele peke yake, nukta ikiwa chini ya nukta:

1.03 + 0.17 + 0.004 = 1.204

Kipeo hakijumlishwi. Kinabaki kama kilivyo, na jumla ni 1.204 × 10⁻³ m.

Kujumlisha vipeo ni kazi ya kuzidisha, na kosa la kukiingiza kitendo hicho katika kujumlisha ndilo linaloonekana mara nyingi kuliko yote. Mtu hupewa 2 × 10⁻⁶ m na 3 × 10⁻⁶ m akaandika 5 × 10⁻¹² m. Tutazame maana ya jibu hilo. Vitu viwili, kila kimoja kikiwa na urefu unaokaribiana na wa bakteria, vimeungwa ncha kwa ncha, na jibu linadai kwamba urefu wao kwa pamoja ni pikomita tano, wakati atomu ya haidrojeni, iliyo ndogo kuliko atomu nyingi, ina upana wa takriban pikomita 100. Jibu sahihi ni 5 × 10⁻⁶ m.

Kwa sababu hiyo napendekeza ukaguzi ambao hauhitaji kikokotoo. Vipimo vyote vikiwa chanya, jumla haiwezi kuwa chini ya kipimo kikubwa kuliko vyote, wala haiwezi kuzidi kipimo hicho kikizidishwa kwa idadi ya vipimo. Katika mfano wa slaidi tuna vipimo vitatu na kikubwa ni 1.03 × 10⁻³ m, kwa hiyo jibu lazima liwe kati ya 1.03 × 10⁻³ na 3.09 × 10⁻³. Tulichopata kimo ndani ya mipaka hiyo.

Hatua ya tano: kadiria jibu kwa haki

Hapa ndipo hesabu ya vipimo inapoachana na hesabu ya namba tupu, na ni hatua inayostahili kukaliwa kwa muda mrefu. Slaidi na kioo cha kufunikia vilipimwa kwa kifaa cha skrubu kinachosoma hadi milimita 0.01, yaani hadi nafasi ya 0.01 × 10⁻³ m. Kuhusu tarakimu iliyo baada ya hiyo hatujui lolote. Slaidi iliyosomwa 1.03 inaweza kuwa 1.028 au 1.033. Tukiandika jumla kuwa 1.204 tutakuwa tunamwahidi msomaji tarakimu ambayo kifaa chetu hakikuiona.

Kanuni ya kujumlisha na kutoa ni hii: vipeo vikishalingana, tafuta kipimo ambacho tarakimu yake ya mwisho iko kushoto zaidi, kisha kadiria jibu hadi nafasi hiyo. Slaidi inaishia kwenye nafasi ya pili ya desimali, kioo cha kufunikia vilevile, na tishu kwenye nafasi ya tatu. Jibu linaishia nafasi ya pili: 1.20 × 10⁻³ m. Sifuri ya mwisho isiachwe, kwa kuwa inamweleza msomaji kwamba nafasi hiyo ilipimwa na ikakutwa sifuri. Anayeandika 1.2 × 10⁻³ anatupa taarifa iliyopatikana kwa kazi.

Angalia pia kilichotokea kwa tishu. Mikromita zake nne zimemezwa na kosa la kupima slaidi, ambalo ni kubwa kuliko unene wa tishu yote. Hesabu haina kasoro kwa hilo, na inatupa habari muhimu: kifaa hiki hakiwezi kumwambia mtu lolote kuhusu unene wa tishu kwa kupima slaidi ikiwa na tishu na ikiwa haina, kisha kutafuta tofauti.

Wengi hudhani kwamba jibu linapaswa kuwa na idadi ya tarakimu sawa na kipimo chenye tarakimu chache. Kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Katika kujumlisha kinachoangaliwa ni nafasi ya tarakimu, hata idadi ikitofautiana, na mfano ufuatao unaonyesha jinsi tofauti hiyo inavyoweza kubadilisha jibu.

Chukua rimu la karatasi 500 ulipime urefu wa kimo chake kwa rula ya kawaida. Tuseme ni sentimita 4.8. Ukigawanya kwa 500 unapata unene wa karatasi moja, 9.6 × 10⁻⁵ m, kipimo ambacho rula isingeweza kukipata kwenye karatasi moja peke yake. Juu ya karatasi hiyo unalaza utando wa plastiki ambao unene wake umepimwa kwa kifaa bora kuwa 8.7 × 10⁻⁶ m. Kipeo kikubwa ni −5, hivyo utando unakuwa 0.87 × 10⁻⁵ m, na jumla ni 10.47 × 10⁻⁵ m. Karatasi inaishia nafasi ya kwanza ya desimali, kwa hiyo tunakadiria kuwa 10.5 × 10⁻⁵ m. Kila kipimo kilikuwa na tarakimu mbili, lakini jibu lina tatu, na zote tatu ni za haki.

Hatua ya sita: rudisha jibu kwenye umbo lake

Namba ya mbele imevuka 10, kwa hiyo nukta inasogea nafasi moja kwenda kushoto na kipeo kinaongezeka kwa moja: 1.05 × 10⁻⁴ m. Hatua hii hufanywa mwisho, baada ya kukadiria, kwa sababu ukirekebisha umbo mapema unaweza kupoteza hesabu ya nafasi ulizokuwa unazilinda.

Vipimo vikiwa na mipaka ya kosa

Ripoti za maabara huandika kipimo pamoja na mpaka wa kosa lake, kwa mfano (1.03 ± 0.01) × 10⁻³ m. Mpaka wa kosa nao lazima uletwe kwenye kipeo kilekile kabla ya kujumlisha, na mabano yaliyoandikwa hivyo yanasaidia kwa sababu kipeo kimoja kinatawala namba zote mbili. Katika mfano wa slaidi, makosa ni 0.01 na 0.01 kwa vioo viwili, na tuseme 0.001 kwa tishu, yote kwa 10⁻³ m. Ukiyajumlisha moja kwa moja unapata 0.021, na jibu linaandikwa (1.20 ± 0.02) × 10⁻³ m. Hiyo ndiyo hali mbaya kabisa, makosa yote yakielemea upande mmoja. Iwapo makosa hayategemeani, desturi ni kujumlisha miraba yake na kutafuta kipeuo cha pili, ambacho hapa ni takriban 0.014, na mpaka unakuwa 0.01. Chagua njia moja, na useme katika ripoti ni ipi uliyoitumia.

Vipeo vinapoachana sana

Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja. Tungamo la protoni ni 1.67262 × 10⁻²⁷ kg, na la elektroni ni 9.109 × 10⁻³¹ kg. Kutoka −31 hadi −27 ni ongezeko la nne, kwa hiyo elektroni inakuwa 0.0009109 × 10⁻²⁷ kg. Jumla ya namba za mbele ni 1.6735309, ambayo tunaikadiria hadi nafasi ya tano kwa sababu protoni imeishia hapo: 1.67353 × 10⁻²⁷ kg. Aliyeanza na protoni ya 1.67 × 10⁻²⁷ hatapata chochote kutokana na elektroni, kwani jibu lake lingebaki 1.67 × 10⁻²⁷. Kabla ya kujumlisha vipimo ambavyo vipeo vyake vimepishana kwa nne au zaidi, angalia kwanza kama kikubwa kimepimwa kwa tarakimu za kutosha kukipokea kidogo.

Kutoa hufuata hatua zilezile, na hapo hasara ya tarakimu ni kubwa zaidi. Kiini cha haidrojeni nzito, kinachoitwa deuteroni, kina protoni moja na nyutroni moja. Tungamo la nyutroni ni 1.67493 × 10⁻²⁷ kg. Ukijumlisha na protoni unapata 3.34755 × 10⁻²⁷ kg. Lakini deuteroni yenyewe ikipimwa ina 3.34358 × 10⁻²⁷ kg. Tofauti ni 0.00397 × 10⁻²⁷, yaani 3.97 × 10⁻³⁰ kg. Tulianza na tarakimu sita na tumebaki na tatu, kwa sababu tarakimu za mbele zimefutana.

Upungufu huo mdogo ndio nishati inayoshikilia protoni na nyutroni pamoja. Ukiuzidisha kwa mraba wa kasi ya mwanga unapata takriban 3.57 × 10⁻¹³ jouli, nayo ni nishati inayohitajika kuitenganisha deuteroni. James Chadwick, aliyegundua nyutroni mwaka 1932, aliivunja deuteroni pamoja na Maurice Goldhaber mwaka 1934 kwa kutumia miale ya gama. Mtu angekadiria tungamo zote mapema kuwa 1.67, 1.67 na 3.34, tofauti ingekuwa sifuri, na nishati hiyo isingeonekana kamwe katika hesabu yake. Kwa hiyo, usikadirie katikati ya kazi. Beba tarakimu zote hadi mwisho, na ukadirie mara moja tu.

Kwenye kikokotoo na kompyuta

Vikokotoo vya shuleni vina kitufe kilichoandikwa EXP au ×10ˣ. Kitufe hicho tayari kina maana ya “mara kumi kwa kipeo cha”, kwa hiyo 1.7 × 10⁻⁴ huingizwa kwa kubonyeza 1.7, kisha kitufe hicho, kisha alama ya hasi na 4. Anayebonyeza pia kitufe cha kuzidisha na 10 kabla ya EXP hupata jibu lililozidi mara kumi. Kosa hilohilo hutokea kwa anayetaka kuandika 10⁻⁶ peke yake akabonyeza 10 EXP −6, ambayo ni 10⁻⁵. Anapaswa kuanza na 1. Alama ya hasi mbele ya kipeo iingizwe kwa kitufe chake, kile kilichoandikwa (−), pale ambapo kikokotoo kinakitenganisha na kitufe cha kutoa.

Katika lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel) namba hiyohiyo huandikwa 1.7E-4. Programu italinganisha vipeo yenyewe na kujumlisha bila taabu, ila haijui chochote kuhusu kifaa ulichopimia, hivyo kukadiria kunabaki kuwa kazi yako. Seli ikionyesha 1.20E-03, huenda ndani yake imehifadhi 1.204E-03, kwa sababu umbo la kuonyesha na thamani iliyohifadhiwa ni vitu viwili.

Kompyuta nayo ina ukomo wa nafasi. Namba ya kawaida ya biti 64 hubeba takriban tarakimu 15 au 16, na kila kinachoangukia kulia kwa hizo hupotea, kama tishu ilivyopotea mbele ya slaidi. Ukiiambia ijumlishe 1 na 10⁻¹⁶, itajibu 1 kamili. Ukianza na 1 ukaongeza 10⁻¹⁶ mara elfu kumi, moja baada ya nyingine, jibu litabaki 1, kwa kuwa kila nyongeza inapotea peke yake. Ukizijumlisha kwanza zile ndogo elfu kumi unapata 10⁻¹², na ukiongeza 1 mwishoni jibu linakuwa 1.000000000001. Mwenye orodha ndefu ya vipimo vinavyotofautiana sana kwa ukubwa na avipange kuanzia kidogo kwenda kikubwa kabla ya kujumlisha, au atumie programu yenye njia aliyoichapisha mwanahisabati William Kahan mwaka 1965, ambayo huweka kando kile kilichopotea katika kila nyongeza na kukirudisha katika nyongeza inayofuata.